Nyanya za Kitambaa Chekundu

Kulima nyanya Kisangani ni kutafuta ugomvi na mvua, na mvua ya huku haijashindwa na mtu. Ndiyo maana nyanya tunazokula zinashuka na malori kutoka Butembo, zikifika zimeshapondana njiani, nusu nyanya nusu maji, na bado wanawake wanazigombania sokoni Mangobo. Kila mwenye akili timamu anajua hivyo. Mwanamke aitwaye Sikujua, mke wa Hemedi fundi cherehani, alijua pia, lakini alikuwa mbishi tangu tumboni mwa mama yake, na ubishi huo aliufanyia kazi miaka saba nyuma ya jiko lake mtaani Kabondo, kwenye kipande cha ardhi ambacho ukitandika mikeka sita kimejaa.

Hakuwa mkulima. Alikuwa mama wa nyumbani anayedarizi kofia, majirani wakimwita Mama Alfani kwa jina la mwanawe wa pekee, aliyeko Bunia. Mwaka wa kwanza alipanda mbegu za dukani, zile za kopo lenye picha ya nyanya inayong'aa. Zikaota, zikarefuka, zikatoa maua. Halafu siku moja zikaamka nzima na mchana zikalegea. Siku ya tatu zilikuwa zimekufa zimesimama, na majani bado ya kijani. Sikujua akadhani ni jicho la mtu. Akapita agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo, kijana wa watu, akakata shina akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, na wote wawili wakatazama uzi mweupe kama maziwa ukishuka taratibu kutoka kwenye lile shina. Kijana akamweleza kwamba ugonjwa uko ndani ya udongo, dawa hauna, na umejaa mji mzima. Afadhali mama alime lengalenga, mchicha wa huku, apumzike.

Angemwambia kitu kingine chochote. Mwanamke huyu ukimwambia apumzike umemtukana.

Basi akaanza kutafuta nyanya isiyokufa. Alikamua mbegu kutoka nyanya za Butembo, akaomba nyingine kwenye bustani ya masista, akaletewa ndefu, akaletewa mviringo, akaletewa hata za manjano ambazo Hemedi alikataa kuzitia mdomoni. Kila aina aliipa mashina sita, na hakuipanda mahali pazuri. Aliipanda kwenye kona iliyoua nyanya zote zilizotangulia, pale maji ya paa la jiko yanapomwagikia. Kona hiyo akaiita makaburi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: itakayoishi hapo itaishi popote. Alichonga alama kwenye vijiti ili asisahau ipi ni ipi, na zilizobahatika kuzaa alizionja mbichi na chumvi, akampa na mumewe alie lituma, ndizi zilizopondwa, akamsimamia kichwani mpaka aseme ipi tamu. Hemedi alisema zote ni nyanya. Alipochoka kusumbuliwa akawa anawatangazia wateja kwamba mke wake amemletea mume mwenza, anaishi nyuma ya jiko, na huyo ndiye anayepewa maji ya kwanza asubuhi.

Mwaka wa pili zilikufa zote. Mwaka uliofuata, mama mmoja wa Basoko aliyeleta samaki wa kukaushwa kwa mtumbwi alikuwa na nyanya mbili za chakula chake, ndogo, zenye mikunjo, mbaya kutazama. Sikujua akamwomba moja kwa aibu kabisa, mbele za watu. Ilikuwa chachu kama ndimu, na mvua ikiigusa inapasuka. Lakini kati ya mashina sita yaliyopandwa makaburi, mawili hayakufa. Mawili. Sikujua alikaa chini kwenye matope na pagne yake safi ya kitenge, akalia.

Kuanzia hapo hakurudi nyuma. Alitwaa mbegu za yale mawili, msimu wa kufuata yakaishi manne. Akachagua shina lisilopasua matunda, halafu lenye utamu, halafu lenye ngozi nene. Tunda zuri la shina zuri halikuliwa. Liliachwa mpaka likalegea lenyewe, mbegu zikalowekwa siku tatu, zikaoshwa, zikaanikwa, zikachanganywa na majivu ndani ya kichupa, na kichupa kikatundikwa juu ya mafiga pale moshi unapofukuza wadudu. Mwaka wa saba alipanda mashina kumi makaburi, yakaishi kumi. Nyanya yenyewe ilikuwa kama ngumi ya mtoto, nyekundu mpaka ndani. Siku Hemedi alipoila mara ya kwanza aliacha kutafuna, akaitazama sahani, akamtazama mkewe, na hakutania.

Sasa hapa niseme ukweli, maana kazi ya kupamba watu si yangu. Sikujua alikuwa mchoyo. Jirani yake wa ng'ambo ya uzio, Bibiche, binti wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko, mwanamke mchangamfu mwenye watoto wanne, alimwomba mbegu tangu zile za mashina manne.

"Mama Alfani, unipatie hata tatu tu," alisema. "Nitapanda kwa kona, hautaziona hata."

Sikujua alijibu kwamba hazijakomaa. Mwaka uliofuata hazijakomaa. Mwaka mwingine akasema zilizobaki ni kidogo. Si kweli, kichupa kilikuwa kimejaa. Alipenda tu kwamba mtu akiuliza mtaani ni nani anayeweza nyanya Kisangani, kidole kinanyooshwa upande mmoja. Alikuwa hajawahi kunyooshewa kidole kwa kitu kizuri, na kugawana hakutaka.

Mwaka wa tano waliingia wezi. Hata kuwaita wezi ni kuwapa heshima. Ni wapita njia waliochuma nyanya nne zilizoiva vizuri kuliko zote, zile zile za mbegu, wakala wakaenda zao. Msimu huo ulibaki na mbegu kiganja kimoja. Sikujua hakulala vizuri wiki nzima. Akaokota vipande vya kitambaa chekundu chini ya cherehani ya mumewe, na nyanya za mbegu zilipoanza kuiva tena akafunga kila moja kitambaa kwenye kikonyo. Halafu akaenda kwenye uzio akamwambia Bibiche, kwa sauti ya chini, maana alijua vizuri kwamba Bibiche hana kifua:

"Usiambie mutu. Iko muzee moja wa kule Basoko alinifungia ile dawa. Mutu akikata tomati ya kitambaa, tumbo yake itavimba mupaka afe."

Haikupita wiki. Watoto walipita mbali na ule ua, wenye mbuzi wakafunga mbuzi zao, na mama mmoja wa mtaa wa pili akabadilisha njia ya kwenda kanisani. Sikujua na Hemedi walicheka mpaka wakashikana. Hemedi ndiye peke yake aliyejua kwamba hakuna mzee wala dawa, kuna vipande vya kanzu ya mteja tu. Alimsifu mkewe kwamba kwa uongo angefaa kuwa waziri.

Lakini mwaka wa saba, huo huo wa mashina kumi, Hemedi alipanua kiuno cha suruali yake. Fundi akijipanulia suruali nani atajua? Sikujua alijua. Aliona mshono mpya, akadhani mumewe ananenepa kwa nyanya zake, akafurahi. Miezi miwili baadaye akaona mshono wa pili. Mikono ya Hemedi ilikuwa imekonda na tumbo ndilo linaloongezeka. Alitaka kumuuliza. Siku hiyo maua yalikuwa yanaanguka kwa mvua na alikuwa anafunga turubai juu ya makaburi, akasema atamuuliza kesho, na kesho ikaja na kazi zake.

Siku ya Idi alikuja Aïcha kutoka Mangobo. Huyu ni yaya wa Hemedi, yaani dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, mtu wa sala na wa heshima, asiye na mzaha. Walikuwa wamekaa uani. Hemedi, ambaye mzaha ulimzidi siku zote, akainuka, akaenda nyuma ya jiko, akachuma nyanya yenye kitambaa. Akakifungua kitambaa, akajifunga kidoleni kama pete, akaila ile nyanya na chumvi mbele ya dada yake, kipande cha mwisho akakitupa upande wa uzio. Aïcha alishika kifua. Hemedi akamwambia ni hadithi tu, Mama Alfani ameitunga kutisha wezi. Sikujua naye akacheka, ingawa moyoni alikuwa anaisikitikia ile mbegu. Aïcha hakucheka na chakula hakumaliza.

Siku ya thelathini na mbili baada ya Idi, Hemedi alifariki hospitalini na tumbo limejaa maji, ngozi imekazwa. Daktari alieleza kwamba ni ini, ugonjwa wa zamani, umekaa mwilini labda miaka. Alieleza vizuri na kwa huruma. Kati ya wote waliokuwa pale, hakuna aliyemsikiliza.

Siku ya tatu ya matanga, baada ya hitima, Sikujua alikuwa chumbani juu ya mkeka na nguo nyeupe za eda, wanawake wamemzunguka. Aïcha aliingia jikoni kutafuta chumvi ya chakula cha wageni. Juu ya mafiga akaona kichupa kimetundikwa, ndani yake majivu na mbegu ndogondogo, na mdomo wake umefungwa kitambaa chekundu. Sikujua alikuwa amekifunga na kipande kilichobaki cha vile vitambaa. Hata mimi ningekuwa Aïcha sijui ningewaza nini. Hakupiga kelele. Alimwita Zakaria, mdogo wao, wanawake wengine wakaombwa kutoka, na kichupa kikawekwa katikati ya mkeka.

"Shemeji, hii ni nini?" Zakaria aliuliza polepole, kama anamuuliza mgonjwa.

"Mbegu ya tomati."

"Na majivu?"

"Inakataza wadudu."

Akawaeleza yote. Wezi, vitambaa, uzio, Bibiche. Akawaambia kwamba mzee wa Basoko hayupo, alimtunga yeye mwenyewe, na kwamba Hemedi alijua. Aïcha alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kilio cha siku tatu, na alikuwa hasemi kwa hasira.

"Ulisema tumbo itavimba," alisema. "Ilivimba, ao haikuvimba?"

Jibu lilikuwepo. Tumbo lilianza kuvimba kabla ya Idi, miezi kabla, na suruali ile iko hapo hapo kabatini na mishono yake miwili. Sikujua alifungua mdomo aseme hivyo. Ndipo akasikia atakachokisema: kwamba aliona tumbo la mumewe likikua, aliona mara mbili, na hakuuliza, kwa sababu alikuwa nyuma ya jiko anafunga turubai. Aseme hayo mbele ya mwanamke aliyemlea Hemedi mgongoni? Akafunga mdomo. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani.

Aïcha na Zakaria walikitazama kile kimya chake, wakakisoma walivyokisoma.

Si watu wabaya, na hilo ndilo linaloniuma. Hawakumpiga, hawakumtukana, hawakumtoa nje ya nyumba. Waliamua kwamba atakaa eda yake kwa heshima, na atabaki kwenye ule ua ambao ni wa baba yao. Ila mmea ule usionekane tena. Siku utakapoonekana, yeye na mzigo wake wataenda kwa mwanawe Bunia. Zakaria alipanda pikipiki akaenda kutupa kichupa mtoni Tshopo. Aïcha aling'oa mashina kumi kwa mikono yake, amevaa mifuko ya plastiki, akayachoma pamoja na vijiti vyenye alama na vitambaa vyote. Sikujua hakuruhusiwa kuinuka mkekani. Harufu ya majani ya nyanya yakiungua ilimfikia chumbani, na akaomboleza kwa sauti. Wanawake walimshika mabega wakamwambia avumilie, Hemedi yuko mahali pema. Hakuwa na nguvu ya kuwaambia kwamba sasa analia viwili.

Alfani alipiga simu kutoka Bunia. Alilia sana, halafu akasema, mama, uwasikilize tu wakubwa.

Miezi minne na siku kumi Sikujua hakuvuka mlango wa nyumba. Dirisha la chumba linatazama nyuma ya jiko, ardhi imefagiwa nyeupe. Kila Ijumaa Aïcha alikuja na toleka, baiskeli ya abiria, kutoka Mangobo, amepakata sufuria mapajani, akamletea wifi yake chakula kizuri, samaki na mchuzi wa nyanya za Butembo. Sikujua alionja, akajua hata lori lilichelewa siku ngapi. Kuanza upya alikufikiria, mara nyingi. Mama wa Basoko hajaonekana sokoni tangu mwaka ule, jina lake hakuna aliyeliuliza. Miaka saba mingine, na yeye ana sitini na moja. Na hata angeipata miaka, angepanda wapi?

Siku eda ilipokwisha, ilikuwa Ijumaa asubuhi, alioga, akavaa pagne ya kawaida, akawasha moto, akabandika maharage, kisha akatoka uani peke yake. Nyuma ya kibanda cha kuogea, chini kabisa ya uzio wa Bibiche, kulikuwa na mche mmoja, urefu wa kiganja. Alilijua lile jani kabla hajainama. Labda ni kile kipande alichotupa Hemedi siku ya Idi. Labda ni ndege. Hakuuliza. Akakaa pale pale, akaugusa, akanusa vidole.

Furaha yake haikudumu hata dakika kumi, maana ilikuwa Ijumaa na Aïcha angekuja. Akafikiri haraka, na safari hii akafikiri vizuri. Alichota mche na udongo wake wote kwa mikono, akauweka kwenye kopo la maziwa, akamwita Bibiche kwenye uzio.

Bibiche alikuja anafuta mikono, akafurahi kumwona jirani yake nje, akamsalimia, akampa pole tena. Sikujua akapitisha kopo juu ya uzio.

"Shika," alisema. "Ndiyo ile. Imebaki moja tu. Iko yako, na mbegu zake zote, na batoto wako wapande. Mi sitaki kitu. Nikuone tu unailima."

Miaka minne mwanamke huyu alikuwa ameomba mbegu tatu. Mikono yake ilianza kunyanyuka, kisha ikarudi chini ikajificha ndani ya pagne.

"Bibiche, nilidanganya. Hakuna muzee. Nilikuambia weye sababu nilijua utaitembeza."

"Najua, mama." Bibiche alikuwa anatokwa na machozi. "Najua ulidanganya. Hata mi nilikuwa nafikiri vile. Lakini papa Hemedi alikufa."

"Alikuwa mugonjwa."

"Niko na batoto, Mama Alfani. Unisamehe."

Akarudi jikoni kwake. Hakukimbia, alitembea, na kabla ya kuingia aligeuka mara moja kutazama kama kopo limebaki upande ule.

Sikujua alisimama na mikono juu ya uzio mpaka ikachoka. Alifikiri kichakani, alifikiri makaburini kwenyewe kando ya Hemedi, lakini kila mahali alipowaza aliona watu, na mche unataka fimbo, unataka turubai, unataka mtu wa kuusimamia kila siku. Akasikia kengele ya toleka barabarani na sauti ya Aïcha ikimwambia mwendeshaji asimamishe. Akarudi jikoni. Akautoa mche ndani ya kopo, akakung'uta udongo kwenye mizizi, akausukuma chini ya sufuria ya maharage, katikati ya makaa, akaushikilia na kijiti usitoke.

Aïcha aliingia na sufuria yake kichwani, akampa salamu, akamwambia amefurahi kumwona na nguo ya rangi. Kisha akainua pua.

"Wifi, nini inaungua?"

"Majani tu, yaya," alisema Sikujua, akampokea sufuria na kumvutia kiti.